Nilivyokuwa Mkalimani wa Wafungwa



Mimi ni katekista wa mtaa mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani. Kabla ya kuoa nilikaa miaka kadhaa seminarini, nikajifunza Kifransa vizuri, Kilatini kidogo, na Kiingereza kiasi cha kuweza kujiaibisha mbele ya watu. Habari nitakayowasimulia inatokana na Kiingereza hicho.

Mama mmoja mjane wa shirika letu ana binti aliyekimbilia Uganda, akakaa huko kambini miaka mingi, halafu akachaguliwa kwenda kuishi Australia pamoja na watoto wake. Mwezi wa Julai mwaka 2025 binti huyo alipata msafiri, akampelekea mama yake nguo mbili, dawa ya kuchua mgongo, na kidude kidogo chenye ukubwa wa kidole ambacho vijana wetu wanakiita klé. Ukikichomeka katika televisheni, kinatoa picha. Ndani ya klé hiyo zilikuwamo sehemu nyingi za hadithi moja ya televisheni ya Australia, nayo yote ni juu ya gereza la wanawake. Kwa nini mtoto amtumie mama yake hadithi ya gereza, na si maisha ya watakatifu, nilimwuliza mwenyewe kwa simu. Akanijibu kwamba huko aliko, wazee wote wanaikumbuka hadithi hiyo na kuicheka, naye alitaka mama yake acheke wanachocheka wazee wenzake. Nikaona jibu hilo halina kosa.

Hadithi yenyewe inaitwa Prisoner, maana yake Mfungwa. Ilitengenezwa katika mji wa Melbourne, ikaonyeshwa tangu mwaka 1979 hata mwaka 1986. Wenye kuitunga walikusudia sehemu 16 tu, basi. Lakini watu waliipenda, wakataka nyingine, na nyingine tena, hata zikafika sehemu 692. Hesabu hiyo niliposoma nilishika kichwa, maana ukitazama sehemu moja kila jioni bila kupumzika hata Ijumaa Kuu, utakaa karibu miaka miwili. Uingereza waliionyesha usiku sana kwa jina la Prisoner: Cell Block H, na huko nako ikapata wapenzi wengi. Tangu mwaka 2013 Waaustralia wakaitengeneza upya kwa jina la Wentworth, sehemu 100, ikaisha mwaka 2021. Hiyo mpya sijaiona, na nasikia haifai kutazamwa na katekista.

Wentworth ni jina la gereza la hadithi hiyo. Halipo popote duniani. Lango unaloliona katika picha ni nyumba ya televisheni yenyewe, kule Nunawading katika Melbourne, na vyumba vya wafungwa ni vya mbao nyepesi. Jambo hili hata sisi wa Mangobo tuliligundua usiku wa kwanza. Mlinzi mmoja alifunga mlango kwa hasira, na ukuta mzima ukatikisika kama pazia. Jirani yetu seremala akasimama, akasema, «Jamani, gereza hili mimi natoka kwa bega.» Tangu siku ile kila mlango ulipofungwa, watoto waliangalia ukuta kwanza, mfungwa baadaye.

Lakini nisitangulie mbele. Mama mjane hajui Kiingereza, jirani zake hawajui, na uwanja wake ndio wenye televisheni kubwa na jenereta. Umeme wetu, kama mnavyojua, una saa zake, na saa hizo hupenda kuwa saa ambazo watu wamelala. Basi wakaniita mimi nisimame kando ya televisheni na kueleza maneno.

Kazi ya kusimama kando ya picha na kuzisemea si ngeni katika nchi yetu. Zamani wamisionari walipoonyesha sinema kwenye uwanja wa misioni, palikuwa na mtu aliyesimama na kueleza mambo kwa lugha ya wenyeji. Kule Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alipiga filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, nazo zilisemewa hivyo hivyo. Siku hizi Kampala kuna watu wenye jina kubwa kwa kazi hiyo tu, na Kenya yupo anayeitwa DJ Afro, ambaye husemea filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili mpaka watu hawajali tena filamu yenyewe inasema nini. Hawa hawatafsiri tu, wanatia chumvi. Mimi nami nikajiambia kwamba katekista, ambaye kila Dominika hufafanua maneno magumu, hatashindwa na wafungwa.

Nilishindwa usiku ule ule.

Kwanza, mkuu wa gereza lile ni mama mmoja nadhifu sana, mwenye nywele zilizopangwa vizuri na mavazi kama ya mke wa balozi. Wote wanamwita kwa neno ambalo mimi nililijua kuwa ni gavana, nikatafsiri gavana. Watu wakastaajabu. «Gavana wao anakuja gerezani kila siku?» Nikasema, ndiyo, kila siku. «Anawauliza wafungwa kama wamelala vizuri?» Ndiyo. Baba mmoja akatikisa kichwa, akasema kwamba Australia kweli ni nchi iliyoendelea, maana yeye tangu azaliwe hajamwona gavana wa jimbo lolote akimwuliza mtu amelalaje. Sifa hiyo ya serikali ya Australia ilizunguka mtaa mzima kabla sijagundua kwamba neno lile ni cheo cha mkuu wa gereza tu.

Pili, wafungwa wanawapa walinzi jina la dharau, na jina hilo katika kamusi yangu ni parafujo, au visi kama wanavyosema mafundi wetu. Kwa hiyo nilipaza sauti, «Angalieni, visi inakuja!» Na kumbe anayekuja ni mama mrefu mwenye uso mkali, jina lake Vera Bennett, msaidizi wa mkuu. Mtu asingeweza kumwita visi isipokuwa kwa kukaza kwake. Akina mama walikubali jina hilo mara moja, wakasema linamfaa, na wakamlinganisha na mtu fulani wa parokia yetu ambaye sitamtaja, kwa sababu analisoma gazeti hili.

Tatu, na hili ndilo lililonitia aibu, wafungwa wale wana mkubwa wao. Ni Bea Smith, mama mwenye nywele nyekundu kama mafuta ya mawese, aliyekuwa msusi wa nywele kabla hajamnyonga mwanamke aliyekuwa akienda na mumewe. Huyu ndiye anayetawala chumba cha kufulia nguo, na hakuna anayegusa kitu bila yeye. Wenzake wanamwita kwa maneno mawili ambayo, moja moja, nayajua kabisa. Nikatafsiri bila shaka, «Bea ni mbwa wa juu.» Wakauliza mbwa yuko wapi. Nikasema atakuja. Usiku wa pili watoto wakaja mapema ili wamwone mbwa. Usiku wa tatu mama mjane akauliza kama mbwa huyo anakaa darini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, penye mti wa mpapai, mahali ambapo mwanga wa televisheni haufiki vizuri. «Si mbwa, Katekista. Ni kapita.»

Alikuwa mama mmoja anayeuza makala kando ya njia, mtu mpole, ambaye huja akachelewa, akakaa nyuma na kuondoka bila kuaga. Nilifurahi kupata neno. Kapita! Tangu hapo kila kitu kikanyooka, Bea akawa kapita wa wafungwa, na mbwa akasahauliwa. Wala sikujiuliza mwuza makala amejuaje kwamba gerezani kuna kapita. Nilifikiri ametoa neno katika mashamba ya zamani au katika kazi za ujenzi, ambako makapita wako wengi.

Jioni zetu zikawa nzuri sana. Tulikula lituma pamoja, na kila mtu alileta maoni yake. Akina mama walihesabu mali ya wafungwa. «Wana kitanda. Wana shuka. Wana chai, tena yenye maziwa.» Walipoona pasi ya gereza, iliyo kubwa kama meza na yenye kutoa mvuke, walinyamaza kwa wivu, maana wao wanapiga pasi kwa makala na kulia kwa moshi. Katika sehemu ya kwanza Bea anamkamata msichana mgeni na kuushindilia mkono wake chini ya pasi hiyo. Palikuwa na watoto mbele yangu, kwa hiyo nikasema, «Anamfundisha kupiga pasi.» Uwanja mzima ukanigeukia. Msichana alikuwa akilia kwa sauti ambayo haihitaji mkalimani.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu, lazima nikiri. Pale walipotukanana, nilisema wanashauriana. Pale walipotengeneza mpango wa kutoroka, nilisema wanapanga kwenda kuungama. Na mwisho wa kila sehemu nilitia fundisho langu, dakika tano au kumi, juu ya wivu, ulevi au hasira, hali maneno hayo hayakuwamo katika kinywa cha mfungwa hata mmoja. Watu walinivumilia kwa sababu jenereta ilikuwa bado inanguruma.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Lizzie Birdsworth. Ni kizee mwembamba, uso wote makunyanzi, anavuta sigara, anakohoa, anasema moyo wake ni mgonjwa, na papo hapo anapanga namna ya kupata pombe. Wazee wetu walimpokea kama ndugu. «Huyu angekuwa hapa, tungempa lotoko akapona.» Kosa lake lilikuwa la zamani. Alikuwa mpishi kwenye shamba la kondoo, na wafanyakazi wakata manyoya wakalalamikia chakula chake, naye akawatilia sumu. Wanne wakafa, akafungwa. Kesi hiyo ilihukumiwa upya hapa Mangobo. Wanaume walisema miaka ishirini ilikuwa haki. Akina mama walisema mwanamume anayelalamikia chakula kila siku anajitafutia. Baadaye katika hadithi inagunduliwa kwamba sumu iliyoua ilitiwa na mtu mwingine, na Lizzie hakuwa mwuaji. Basi kizee anafunguliwa, analipwa fedha, anatoka langoni. Siku hiyo watu wa uwanja wetu walipiga makofi kama katika ndoa.

Na sasa ndipo ninapofika.

Lizzie, akiisha kuwa huru, hajui aende wapi. Anayo fedha, anayo njia yote mbele yake, lakini watu aliozoea kula nao wako ndani. Anatangatanga. Halafu anafanya kosa makusudi, ili akamatwe na kurudishwa. Anarudi Wentworth anatabasamu. Watu wetu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Mimi nikaona nimepata nafasi ya fundisho, nikasema kwa sauti kubwa, kana kwamba ni maneno ya kizee mwenyewe, «Anasema: mimi nimeizoea dhambi, siwezi kuiacha, kama nguruwe asivyoweza kuacha tope.»

«Umesema uongo, Katekista.»

Ilikuwa sauti ile ya penye mpapai.

Nikamwuliza kwa adabu, «Mama, wewe unajua Kiingereza?»

«Sijui. Lakini uso ule naujua. Hakusema hivyo.»

Ukimya ukaingia. Kijana mmoja akasimamisha picha, na Lizzie akabaki pale kwenye kioo, mdomo wazi. Mama mwuza makala akaongea bila kusimama, na bila kumtazama mtu. Sitaandika yote. Alisema kwamba alikuwa mtunzaji wa fedha za likelemba ya akina mama kumi na wawili, kwamba mtoto wake aliugua, akachukua fedha za mwezi ule akampeleka hospitali, akitumaini kuzirudisha kabla ya zamu kufika, kwamba hakuweza. Wenzake walikwenda kushtaki. Alikaa gerezani, nisiseme lipi, miezi saba, bila kuhukumiwa, mpaka kaka yake alipouza baiskeli yake ya toleka na kulipa. Kaka huyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuchukua watu kwa baiskeli. Alipotoka, alikaa kwa kaka yake, na kila asubuhi aliiona miguu ya kaka yake ikienda kutafuta kibarua.

«Gerezani tulikuwa watatu wenye chungu kimoja,» akasema. «Mmoja alikuwa akinisuka. Nilipotoka, nilikwenda kuchota maji kwenye bomba, na akina mama wakavuta bidoni zao kando, kana kwamba nitaziiba. Hawakunitukana. Walivuta bidoni tu. Usiku ule nikafikiri, afadhali kule. Nilifikiri hivyo usiku mmoja, siwafichi. Basi bibi huyu simcheki.»

Wasomaji wapendwa, mimi nimesomea namna ya kusema mbele ya watu, lakini sikuwa na neno. Nilitazama akina mama. Kadiri ya watano katika wale kumi na wawili walikuwa wamekaa pale, bakuli za lituma mapajani. Mama mjane mwenyewe, mwenye televisheni, alikuwa mmoja wao. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kutia mafuta katika jenereta. Jenereta ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeijaza mimi mwenyewe saa moja kabla.

Watu wakatawanyika polepole. Mama mwuza makala akaondoka bila kuaga, kama desturi yake.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama filamu ilikuwa nzuri. Nikamwambia ndiyo, nikachukua taa na kufungua daftari la shirika. Kila shirika lina daftari la familia zake, na katekista ndiye anayelitunza: ubatizo, ndoa, wagonjwa, waliofariki, waliohama. Nikatafuta jina la mama yule. Nililikuta limekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa seminari, neno hili: amehama.

Nalikumbuka vizuri nilivyoliandika. Niliambiwa na watu kwamba amefungwa. Nilijua. Lakini katika daftari letu hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu amefungwa, na padri alikuwa akija kukagua, na mimi sikutaka kueleza. Nikaandika amehama. Kwa miezi saba sikwenda kumwona, maana mtu aliyehama hatembelewi. Aliporudi sikumrudisha katika daftari, maana sikujua niandike nini. Kwa hiyo alipokuwa akikaa nyuma penye mpapai, kwa hesabu za Kanisa la mtaa wetu hakuwapo.

Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 2025, mwezi wa Januari, vita vilipofika Goma na wafungwa wakatoroka katika gereza la Munzenze, gereza lilishika moto, na wanawake zaidi ya 100 wakafa, baada ya wengi kutendewa ubaya usiosemeka. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Septemba 2024, watu zaidi ya 120 walikufa katika gereza la Makala, Kinshasa, usiku wa kujaribu kutoroka. Shirika letu liliwaombea wote hao. Mimi ndiye niliyeongoza Rozari, na nakumbuka nilisali kwa moyo. Yeye alikuwapo, akajibu Salamu Maria pamoja nasi, na mimi nilikuwa nikimwombea mfungwa wa Goma huku nimempa mgongo mfungwa wa Mangobo.

Kesho yake nilikwenda penye meza yake ya makala. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Akanipimia makala ya franka nilizokuwa nimeshika, akafunga mfuko, akasema, «Leo jioni mtaendelea?»

Nikasema, «Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nilikufuta katika daftari.»

«Najua,» akasema. «Siku ya kugawa kadi za Pasaka hukunisoma.»

Hakusema kwamba amenisamehe, wala hakusema kwamba hakunisamehe. Alikuwa na mnunuzi mwingine nyuma yangu. Nikamwambia kwamba jioni tutaendelea, na kwamba naomba akae mbele, anisahihishe. Akacheka kidogo, akasema mkalimani anayehitaji mkalimani ni hasara.

Lakini alikuja. Na mama mjane, bila kusema neno, alikuwa ameweka kiti chake cha mkono, kile anachokaa padri akija kutembelea familia, karibu kabisa na televisheni. Mwuza makala akakitazama, akakaa kwenye benchi kando yake. Kiti kikabaki kitupu usiku ule na usiku uliofuata. Usiku wa tatu akakikalia, kwa sababu benchi lilijaa watoto. Fedha na baiskeli hazikutajwa mbele yangu. Nasikia wale watano wamekwenda kwake mchana, mmoja mmoja, na mambo waliyosema ni yao.

Tangu hapo tafsiri yangu imepata mlinzi. Nikisema wanashauriana, yeye husema, «Hapana, wanagombana, angalia mikono.» Nikitia fundisho, hupiga miayo. Mambo mengine ya Wentworth anayacheka kuliko sisi wote, hasa mlango wa kila mtu na chai yenye maziwa. Kitu kimoja tu anakitamani kweli, nacho si chakula. Ni kwamba wale wanawake wote wanajua siku yao ya kutoka. «Wanahesabu,» akasema. «Sisi tulikuwa hatuna cha kuhesabu.»

Akina mama wakaanza kumwuliza, kwanza kwa kunong'ona, baadaye mbele ya watu, mfungwa anahitaji nini. Walifikiri kupeleka rozari na unga. Akawajibu kama mtu anayetoa orodha ya soko. Unga mbichi hapana, maana kuni zitatoka wapi? Maharagwe yaliyokwisha kupikwa, yenye chumvi ya kutosha. Sabuni, vipande vidogo vidogo, kwa sababu kipande kikubwa kinaleta ugomvi. Vitambaa safi vya wanawake, ambavyo hakuna mgeni anayekumbuka kuvileta. Mafuta kidogo ya kupaka ngozi. Na mtu wa kuandika jina la kila mmoja, na tarehe aliyoingia, na jina la mwenye kesi yake, ili watu wa nje wajue ni nani wa kuulizwa.

«Huyo mwandishi atakuwa wewe, Katekista,» akasema. «Lete daftari. Safari hii uandike jambo lilivyo.»

Paroko wetu alitupeleka kwa padri anayeshughulika na wafungwa, naye akatuombea ruhusa. Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, watu saba, sufuria mbili juu ya baiskeli za toleka, na mwuza makala ametangulia kwa miguu, kwa sababu hakutaka kungoja. Langoni miguu yangu ilikuwa mizito. Ukuta wa pale hautikisiki. Nilikuwa nimeandaa salamu fupi, yenye neno kutoka Injili ya Matayo, na tulipofika upande wa wanawake nilikohoa, nikafungua mdomo.

Nikasikia mkono wa mama ukinivuta shati kwa nyuma.

«Ngoja,» akaninong'oneza. «Msalimie kapita kwanza.»